Murembe na Kangaga Juu ya Kaburi Tupu

Kwenye shamba letu, huku chini ya Cheptais, kuna kaburi ambalo ndani yake hakuna mtu. Kuna shina la mgomba. Juu yake kumeota vitu viwili ambavyo hakuna aliyekusudia kuvipanda. Kichwani umesimama mti wa murembe, na miguuni, pale udongo uliposhuka, kumejaa yale majani ambayo kwa Kiswahili nimeambiwa ni kangaga. Mimi sikusoma sana. Niliacha shule nikiwa najua kuandika jina langu na kusoma Biblia nikifuata mstari kwa kidole. Lakini macho ninayo, na kitu ukipita kando yake kila asubuhi ukienda kukamua, utakijua tu, hata kama hutaki.

Kaburi hilo ni la kitinda mimba wangu. Alivuka mto Lwakhakha kwenda Uganda kununua vitunguu, akaona biashara ni nzuri, akakaa. Alikuwa akinipigia simu kila Jumapili nikitoka kanisani. Halafu simu ikawa inasema hapatikani. Halafu siku moja ikashikwa, kumbe ni mwanamke. Akaniambia hiyo laini ni yake. Nikamuuliza ameitoa wapi. Akasema, "Nimenunua dukani, mama, kama laini zingine." Sauti yake ilikuwa ya heshima. Hapo ndipo nilianza kuogopa, kwa sababu mtu mwizi angenitukana.

Ndugu zake walienda kumtafuta mpaka Mbale, hospitali na vituo vya polisi. Walirudi na ile picha waliyoenda nayo.

Aliacha mke na watoto wadogo. Huyo mkamwana wangu ni mtu wa maneno machache na mikono mingi. Akiingia jikoni hujui saa ngapi ameosha sufuria, unaona tu ziko juu ya uchaga zimeinama. Bado alikuwa msichana. Sasa mtu kama huyo ni nani? Si mke, maana mume hayuko. Si mjane, maana hakuna aliyekufa. Watu wakimwona sokoni wanakosa salamu ya kumpa. Hawawezi kumwambia pole, na hawawezi kumuuliza wa nyumbani anaendeleaje.

Shemeji yangu, kaka ya marehemu mume wangu, ndiye mzee wa nyumba yetu aliyebaki. Alikuja akaketi, akakataa chai, nikajua amekuja na jambo.

"Mulamwa," akasema, kwa sababu ndivyo tunavyoitana na shemeji kwetu, "tumzike huyu mtoto."

"Mnazika nini?"

"Unajua vile hufanywa."

Nilijua. Kwetu mtu akipotea asionekane, hata mwili usipatikane, wanakata shina la mgomba, wanalizika mahali pake. Hapo mke anakuwa mjane, anafunguka, anaweza kuolewa tena. Watoto wanapata mahali pa kuonyesha wakiulizwa baba yenu amelala wapi. Mimi nikamwambia hapana. Kumzika mtu aliye hai ni kumwonyesha njia ya kaburini.

"Nani amekuambia yuko hai?"

"Nani amekuambia amekufa?"

Akanyanyuka na fimbo yake. "Mtoto si wako peke yako," akasema. Na ni kweli. Mtoto ni wa ukoo.

Basi wakazika. Mimi nilikaa jikoni, nimeupa mlango mgongo. Lakini masikio hayana mgongo. Nilisikia wakilivisha lile shina shati, shati ambalo nilikuwa nimelifua mwenyewe nikalikunja. Nilisikia wakilifunga blanketi. Wakati wa kulitoa mlangoni mwanaume mmoja akasema, "Polepole, shikilia kichwa," na mwingine akajibu, "Nimeshika." Hakuna aliyecheka. Wanawake wakalia kilio cha kweli, na mimi nikajikuta nakoroga uji ambao hakuna aliyeniomba.

Msalaba walikuwa wameagiza kwa seremala wa Chwele. Mvua ikaharibu barabara, pikipiki ikakwama, msalaba haukufika. Mchungaji alikuwa ameshafunga kitabu, wingu limeshuka mlimani. Shemeji yangu, ambaye macho yake yana utando, akaenda kwa uzio wa zizi la zamani, akapapasa, akang'oa miti miwili, akaifunga kwa waya. Mrefu akausimamisha kichwani, mfupi akaukingamisha. Watu wakakimbia mvua.

Sasa nieleze murembe kwa wale wasioujua. Ni mti wa miiba, gome lake limepasukapasuka kama kisigino cha mkulima. Kwetu hauchomwi. Hata ukikauka huuingizi jikoni. Wazee wetu walikuwa wakiushika wakiapa, na aliyesema uongo akiwa ameushika hakumaliza mwaka, ndivyo tulivyoambiwa. Baba mkwe wangu aliupanda mmoja mpakani. Upepo ulivunja tawi lake, na kwa vile hakuna wa kulichoma, mtu akalichomeka kwenye uzio wa zizi lisaidie kuziba. Hilo ndilo tawi ambalo shemeji alilipapasa siku hiyo akidhani ni kijiti.

Tena nikiwa mtoto niliugua matubwitubwi, mashavu yakafura. Mama akanifunga kimzigo cha vijiti kichwani kama mtu anayetoka kutafuta kuni, akanituma kwa murembe. Uuzunguke, uuachie huo ugonjwa, utupe kuni hapo chini, urudi nyumbani mbio bila kugeuka. Nilikimbia nikisikia kitu kinanifuata hatua kwa hatua. Sikugeuka. Mpaka leo sijui kilikuwa nini, na mashavu yalishuka.

Masika ilipokolea, nikapita kaburini na ndoo ya maziwa. Msalaba ulikuwa na macho. Ile miti hutoa vinundu vya kijani kabla ya majani, na tunaviita macho. Yalikuwa pande zote mbili, juu, pale mabega ya mtu yangekuwa. Kile kijiti cha kukingama kilioza kikaanguka na waya wake, lakini matawi yakatoka palepale kilipokuwa, moja kulia, moja kushoto, yakainuka. Ukiutazama kwa mbali, ukungu ukishuka, ulikuwa ni mtu amesimama kichwani pa kaburi lake ameinua mikono.

Watu wakaja kutazama. Mchungaji akaomba, akasema ni mti tu. Wanawake wa kanisa wakasema amina, halafu wakaanza kuzunguka kwa njia ya juu wakienda mtoni.

Mimi nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi. Nikamwita mkamwana wangu, nikamwonyesha.

"Umeona? Mume wako amekataa kuzikwa. Kaa nyumbani kwako."

Akautazama ule mti, akanitazama mimi. "Sawa, Mama," akasema.

Nilikuwa najua kuna fundi wa magari Kitale, mtu wa makamo aliyefiwa na mke, ambaye alikuwa ameanza kumtumia salamu kwa njia ya heshima. Alipopata habari ya msalaba ulioota, aliacha kutuma salamu. Nani ataoa mke wa mtu aliyesimama? Na hilo pia lilinifurahisha.

Murembe ni mti wa kelele. Kiangazi ukifika unaangusha majani yote, unabaki mifupa, mgeni anasema huu umekufa, ukateni. Halafu juu ya ile mifupa yanatoka maua mekundu ya moto bila hata jani moja. Nyuki wanakuja, na vile vindege vidogo vyenye mdomo mrefu, asubuhi yote ni zogo. Maua yakianguka, kaburi lilikuwa jekundu kama mtu amechinjiwa hapo. Baadaye maganda yanapasuka, mbegu zinatoka, nyekundu, kila moja ina jicho jeusi. Nilikuwa nikizifagia na zinaniangalia.

Halafu udongo ukashuka.

Shina la mgomba ni maji tupu. Likaoza huko chini, kaburi likabonyea upande wa miguu, likawa kama bakuli. Maji yakawa yanakaa hapo. Ndipo kangaga zikaja. Hakuna aliyezileta. Asubuhi moja kulikuwa na vitu kama ngumi za mtoto mchanga vinatoka kwenye matope, vimekunjwa, vina manyoya ya kahawia. Nikazikanyaga. Asubuhi nyingine zimerudi, nyingi zaidi, na zingine zimeshafunguka vidole.

Hizo nazijua tangu utotoni. Huko juu mlimani, pale chemchemi ilipotoka kwenye mwamba, zilikuwa zimefunika kila kitu. Mama alituambia tuchote maji tuondoke, tusikae. Hata jua likiwa utosini pale palikuwa baridi, baridi ya kutoka chini, inayopanda kwa nyayo. Na yale majani yalikuwa yakitikisika hata kama hakuna upepo, moja moja, kama kuna mtu anapita katikati yake polepole akigusa.

Zikilinganishwa na murembe, ni kama mtu mnyamavu amewekwa karibu na mlevi. Hazitoi ua. Hazitoi tunda. Nyuki hawazijui, ndege hawatui. Murembe unapokuwa mifupa, zenyewe zimenyauka, zimelala, unadhani zimeisha. Mvua ya kwanza ikinyesha, ngumi ziko nje. Nikamuuliza mkamwana wangu, maana yeye alisoma mpaka darasa la nane, "Hiki kitu kinazaaje?"

Akakata jani, akaligeuza. Chini kulikuwa na madoa ya kahawia, yamejipanga safi kama mtu ameyashona. Akayapangusa kwa kidole. "Hii vumbi, Mama. Hii ndiyo mbegu."

Akaipuliza. Nikatazama inakoenda, sikuona. Nikalala na hiyo vumbi kichwani mwangu. Mbegu ya murembe unaiona, unaweza kuifagia, unaweza kumkataza mtoto asiiweke mdomoni kwa sababu ni sumu. Hii nyingine imeingia ndani ya nyumba, imekaa kwenye nywele zako, na hujui.

Msimu huo mkamwana wangu alikuja kuniaga. Alisema anaenda Kitale na watoto kuuza nguo za mitumba, kwa kuwa huku shamba halitoshi. Sikumkataza kwenda kutafuta. Nilimwambia tu, "Ujue wewe ni mke wa mtu." Akasema, "Najua, Mama. Kila mtu ananiambia." Aliondoka na begi moja, na mkebe wa mafuta ya kupikia ambao ndani yake alikuwa amepanda kangaga moja kutoka kaburini.

Nilienda kumtembelea wakati mahindi yanavunwa, mji wa Kitale wote unanuka makapi na dizeli. Chumba chake kiko nyuma ya soko, kina dirisha moja dogo. Nilifungua mlango nikasimama. Ule mkebe ulikuwa juu ya kiti karibu na dirisha, na kile kitu kilikuwa kimejaa kiti kizima, kimemwagika mpaka kitandani, majani yamelala juu ya shuka.

"Karibu, Mama. Kaa hapa kitandani. Kiti kina mgeni."

"Unalala na hiki?"

"Hakikoromi," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona akicheka.

Akanipa chai. Chumba kilikuwa cha joto la mabati, lakini upande wa ule mkebe nyayo zangu zilishika baridi. Nikamuuliza kwa nini hakuchukua hata mbegu ya murembe, kitu cha mume wake, chenye rangi.

Akaweka kikombe chini. "Mama, usikasirike. Ule mti ungeota hata ukiusimamisha kwa mlango wa choo. Chomeka murembe mbichi mahali popote, unaota. Hausemi mtu yuko hai. Unasema tawi lilikuwa bichi."

"Na hiki kinasema nini?"

"Hakisemi. Kiliona mahali palipo wazi, kikaingia." Akalikunjua jani moja lililokuwa limeshikwa na shuka. "Mimi nakielewa, Mama. Kiko kijani kila siku, watu wanakiita hai, lakini hakina ua wala hakina siku ya kuvuna. Yule mtu wa gereji ameniuliza tena. Nimemwambia ngoja mama akubali. Nitamwambia angoje mpaka lini?"

Nilinyanyuka. Niliacha chai ikiwa nusu, na mimi huwa siachi chai. Njia yote mpaka nyumbani nilikuwa na jibu kali mdomoni, na hakuna wa kumpa.

Nikampa shemeji yangu. Alinikuta uani, nikamwambia vile msichana anataka kumwacha mume wake akiwa hai. Akanisikiliza, amelalia fimbo.

"Mulamwa, unasema yuko hai."

"Nasema."

"Basi twende kwa murembe uushike useme. Si unao hapo karibu? Mimi ndiye niliupanda kwa upofu wangu. Ukishika ukasema yuko hai, mimi mwenyewe nitaenda Kitale kumrudisha mke."

"Hizo ni mambo za zamani."

"Zamani gani, na wewe unanihubiria huo mti kila siku?"

Ilikuwa mchana kati. Hakuna jogoo, hakuna mtoto, hata ng'ombe walikuwa wamelala. Ulikuwa wakati wa maua, murembe mwekundu mpaka macho yanauma, lakini siku hiyo hakukuwa na nyuki hata mmoja. Kubonyea kulikuwa kumefika karibu na kichwani, na ili kuufikia mti ilibidi nisimame humo, ndani ya kangaga zilizonyauka. Niliweka mkono kwenye gome.

Lilikuwa na vuguvugu. Si upande wa jua. Nilikuwa nimeshika upande wa kivuli. Vuguvugu kama ubavu wa ng'ombe ukiegemea kumkamua, na nikaona kama unapanda na kushuka. Na kutoka chini, kwa nyayo, ile baridi ya chemchemi ikapanda mpaka magotini. Mkono wangu ulikuwa kwa mtu aliye hai, miguu yangu ilikuwa kwa mtu aliyekufa, na mimi katikati nilikuwa na mdomo mkavu kama unga.

Nilitaka kusema yuko hai. Nilifungua mdomo. Miguuni pangu yale majani makavu yakaanza kutikisika, moja, halafu lililofuata, kutoka miguuni pa kaburi kuja kwangu, na hakukuwa na upepo.

"Sijui," nikasema.

Shemeji yangu akangoja. Ua moja likaanguka begani kwangu, likakaa.

"Sijui kama yuko hai. Sijui kama amekufa. Sijui."

"Haya," akasema taratibu. "Hilo unaweza kushikia mti."

Yale majani yakatulia.

Nilimpigia mkamwana wangu simu aje, na aje na ule mkebe. Alifika akiwa amevaa vizuri, uso umejiandaa kugombezwa. Nikamfunga kimzigo cha vijiti, nikamweka kichwani. Shemeji yangu, ambaye alikuwa ameketi kwenye kigoda, akasema, "Mulamwa, hiyo si ni ya matubwitubwi?"

"Ugonjwa ni ugonjwa. Wewe keti."

Nikamwambia msichana auzunguke murembe, aache hapo kila kitu alichobebeshwa, cha mke na cha mjane, atupe kuni, aweke mkebe, aende. Kwa huyo mtu wa gereji au kwa nani, ni yeye ajue. Watoto ni wa hapa, watakuja likizo. "Na usigeuke," nikasema. "Hata ukisikia nini."

"Nitasikia nini, Mama?"

"Wewe enda."

Alizunguka. Kuni zikaanguka. Mkebe akauweka chini kwa mikono miwili, kama mtu anayelaza mtoto, akaondoka akipita katikati ya mabua ya mahindi. Alitembea kwanza, halafu nikamwona amekaza mwendo, halafu anakimbia, viatu mkononi, shingo imesimama. Sikumuuliza kamwe alisikia nini, naye hajaniambia.

Anakaa Kitale na yule fundi. Ni mtu mzuri. Ananiita mama na hatazami chini akisema. Juzi mkamwana wangu alinipigia. "Mama, ile kitu imeota kwa ukuta wa bafu. Sikuileta. Imetoka kwa ufa. Niing'oe?"

Nikamwambia aiache. Mimi pia ya kwangu nimeiacha. Ule mkebe uliliwa na kutu, kangaga ikaungana na zingine, na sasa zimeanza kuuparamia murembe, zimeshika gome mpaka karibu na yale mabega.

Na Jumapili nikitoka kanisani bado naipiga ile laini. Yule mwanamke wa Uganda hushika. Zamani alikuwa akinieleza tena kuwa alinunua dukani. Siku hizi haelezi. Nasikia watoto wake na kuku wake.

"Bado, mama?" ananiuliza.

"Bado," namwambia. "Na huko?"

"Huku pia bado."